Kikombe cha Mbegu

Maziwa hayakuganda tena.

Bi Mize alifunua kawa asubuhi ile, akakichungulia chungu, akayaona yale yale ya jana na juzi: maji ya rangi ya kijani yamepanda juu, chini vipande vya maziwa vilivyokatika, na harufu inayomfanya mtu ageuze uso. Alirudisha kawa taratibu, utadhani hataki chungu kijue kwamba ameona. Kisha akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono magotini, akatazama mlango wa chumba cha pili.

Hii ilikuwa mara ya tisa. Mwanamke aliyegandisha mtindi miaka ishirini na tatu pale Wawi, ambaye watu walikuwa wakimletea bakuli zao hata kutoka Chake, ameshindwa na upawa mmoja wa maziwa. Alibadilisha chungu. Alibadilisha kuni. Alifukiza ubani mpaka uwani pakawa kama penye maulidi. Alimlaumu hata Jaribu, jirani mwenye ng'ombe.

"Bi Mize, ng'ombe wangu kakosa nini?" Jaribu aliuliza, kachukia kidogo. "Maziwa haya haya nawapelekea watu wanne, wote yanawaganda."

Bi Mize alijua vyema kwamba ng'ombe hakuwa na kosa. Mwenye neno alikuwa Mwanawema, na Mwanawema alikuwa kaburini siku ya thelathini na tisa.

Mwanawema alikuwa mke mwenzake, mke mkubwa wa marehemu Silima. Nyumba ilikuwa moja, ukumbi katikati, chumba cha mkubwa kushoto na cha mdogo kulia, na uwani mafiga ya kila mtu mbalimbali. Mtindi uliingia nyumbani humo na Mwanawema, aliyeletwa kutoka Pujini akiwa bibi harusi na kopo la mbegu ndani ya kapu la nguo. Mbegu ni ule mtindi wa jana, kijiko kimoja tu, unaotiwa ndani ya maziwa ya leo ili nayo yagande. Kijiko hicho ukikiangalia ni kitu cha upuuzi. Lakini kikikatika siku moja, umekatikiwa na vyote.

Mize alipoolewa, ni Mwanawema aliyemfundisha. Kwanza chemsha mpaka yapande, kisha yashushe. Usiguse mpaka yapoe, lakini yasipoe sana. Kipimo chake ni hiki: unatia kidole cha shahada ndani ya maziwa, unasoma sura ya Kulhuwallahu mara tatu, taratibu, neno kwa neno. Kidole kikivumilia mpaka mwisho wa ya tatu, tia mbegu. Kikikataa, subiri. Pale Wawi hakuna aliyekuwa na kipimo kingine, na hapakuwa na haja nacho.

"Na usisome mbio," Mwanawema alimwambia siku ile ya kwanza, akicheka. "Ukisoma mbio unajidanganya mwenyewe. Maziwa hayadanganyiki."

Walikuwa wakicheka siku hizo. Tusiwasingizie, walikuwa wakisukana nywele na kuazimana kanga. Mambo yaliharibika miaka kumi na moja iliyopita, kwenye hitima ya baba yake Silima. Mwaka ule Silima alisema mtindi wa hitima utengenezwe na mke mdogo. Mize alitengeneza vyungu vitatu, akavifunika, akavizungushia mablangeti, akalala na furaha yake. Siku ya pili, mbele ya wageni waliojaa ukumbini na wali uko kwenye masinia, kawa zilifunuliwa. Vyungu vyote vitatu vilikuwa maji yaliyokatika.

Mize alisimama palepale akapiga ukelele. Alisema Mwanawema ndiye aliyemharibia, kwa kijicho, kwa sababu safari hii hakuambiwa yeye. Aliyasema mbele za watu, na yakishatoka mbele za watu hayarudi. Silima akaona aibu, akaita wazee watatu. Mwanawema akaletewa msahafu, akaweka mkono, akaapa kwamba hakuvigusa vile vyungu. Basi ikawa imekwisha. Aliyebaki mwongo ni Mize. Tangu siku hiyo, ikizuka fitina yoyote mtaani, lazima apatikane mtu wa kusema, "Nyamazeni, msije mkawa kama Mize." Na yeye mwenyewe, kidogo kidogo, akaanza kujitilia shaka. Pengine alisoma mbio siku ile. Pengine kweli alimsingizia mtu.

Wake wenza wale hawakusema tena. Silima alikufa miaka mitatu baadaye, wakakaa eda pamoja, miezi minne na siku kumi, wajane wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja amejitanda kaniki yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake hata "pole". Ukitaka kujua ukaidi wa binadamu ulivyo, anzia hapo.

Ila kulikuwa na kikombe. Kila alasiri, wakati Mize anapoyashusha maziwa yake, Mwanawema alikuwa anakuja na kikombe kidogo cha bati chenye mbegu, anakiweka kwenye kizingiti cha mlango wa uwani, anakigonga kwa kijiko mara tatu, ka, ka, ka, halafu anakwenda zake. Mbegu ya Mize ilikuwa haikai. Kila akiilaza mwenyewe ilichacha. Ya Mwanawema ilikuwa haichachi. Mize alikuwa akisubiri mpaka nyayo zitulie ukumbini, ndipo anakichukua kikombe. Asubuhi anakirudisha kizingitini, kimeoshwa. Miaka kumi na moja, na haikupita hata siku moja bila kikombe. Hata ndani ya eda, ka, ka, ka.

Mwishoni Mwanawema aliugua wiki mbili, miguu ikavimba, pumzi ikawa inamkatika. Binti yake Kauthar alikuja kutoka kwa mumewe Pujini kumuuguza. Siku ya mwisho, alasiri, kikombe kilikuja kama kawaida, ila safari hii mgongaji alikuwa Kauthar, na alisimama palepale mlangoni.

"Mama mdogo," alisema, "mama anakwita. Anasema uende sasa hivi."

Mize alikuwa na sufuria mbele yake, mvuke unapanda. Alijua mtu wa hali ile humwitia mwenziwe nini. Anaitiwa radhi. Na alifikiri: anataka nimpigie magoti, nimuombe msamaha kwa lile nililomsingizia, mbele ya mwanawe. Kiburi kikamshika.

"Mwambie maziwa yangu ndo kwanza nimeshusha," alisema. "Yakipoa n'takwenda."

Kauthar aliondoka. Bi Mize akatia kidole, akaanza kusoma. Hajapata kusoma taratibu vile maisha yake. Kila neno alilivuta, akalipumzisha, akaliendea jingine. Alimaliza ya kwanza. Alimaliza ya pili. Alikuwa katikati ya ya tatu pale Kauthar alipopiga kelele chumbani, "Mama!".

Siku tatu nyumba ya msiba haiwashi moto, majirani ndio wanaoleta chakula. Maziwa ya siku ile yalimwagwa. Suhaila, jirani mwenye huruma asiyeweza kuona chombo kichafu, alikikuta kikombe kizingitini na mbegu yake ndani, akakiosha kwa majivu mpaka kikang'aa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu ya mwisho. Bi Mize alipokiona kikombe kimeinamishwa juu ya chaga ya vyombo, kitupu, hakulia. Hakuwa amelia mazikoni pia, na watu waliona.

Baada ya siku tatu aliagiza mtindi wa kopo kutoka Chake, autumie kuwa mbegu. Alasiri alishusha maziwa, akatia kidole, akafungua mdomo asome. Hapo ndipo aliposikia.

Ka, ka, ka.

Aligeuka. Kizingiti kilikuwa kitupu. Mlango wa chumba cha Mwanawema ulikuwa umefungwa, na Kauthar alikuwa ameshakwenda kwake. Bi Mize alisoma Kulhuwallahu tatu bila kuvuta pumzi, akatia mbegu, akafunika, akaingia chumbani kwake akajifungia, na jua bado liko juu.

Na ikawa hivyo mara zote tisa. Kila akitia kidole kwenye maziwa, kikombe kinagongwa. Na mbaya zaidi, akianza kusoma alihisi kuna mtu anayesoma pamoja naye, nyuma ya bega, kwa sauti ya mgonjwa, na yule mtu hana haraka. Bi Mize alikuwa anakimbia. Alisoma tatu kwa pumzi moja, maneno yakipandana, ili amalize kabla yule mwengine hajafika ya tatu. Hakutaka kuifikia ya tatu pamoja naye. Na asubuhi akifunua kawa, maji.

Wanawake mtaani hawakuhitaji kuambiwa. "Kafa hajampa radhi," walisemezana kisimani na madukani. "Mtu unamsingizia, unakataa kwenda kumuaga, maziwa yatakugandia wapi?" Suhaila alimletea habari hizo kwa moyo safi, kama alivyokiosha kikombe.

Siku hiyo ya thelathini na tisa Kauthar alirudi kutoka Pujini kutengeneza hitima ya arubaini, itakayosomwa kesho yake. Alimkuta mama yake mdogo amekaa uwani na chungu kilichoharibika mbele yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kesho watu watakula wali mtupu. Mimi maziwa yamenikataa, na sababu unaijua."

Kauthar alivua baibui, akafungua mkoba, akatoa kichupa kilichofungwa kitambaa mdomoni. Ndani kulikuwa na mtindi, mweupe, mzito. "Mbegu ya mama," alisema. "Aliponiozesha alinipa. Naigandisha kila siku kwangu. Nimeileta."

Bi Mize aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa karibu kuchekelea. Lakini Kauthar hakuondoka. Alikaa chini mbele yake, akavuta mtandio mpaka usoni.

"Mama mdogo, nna neno. Nimelala nalo siku thelathini na tisa, halinipi usingizi. Siku ile mama hakukwita akusamehe."

"Aliniitia nini, basi?"

"Alikwita umsamehe." Kauthar alisema hayo akitazama mchanga. "Vyungu vya hitima ya babu, ni yeye. Ulipokuwa umekwenda kuoga alifunua, akatia upawa mmoja mmoja wa maziwa yanayochemka, akafunika. Akaja akaapa. Aliniambia kitandani, anashindwa kupumua. Alisema kila siku alitaka kukwambia. Kila alasiri akichukua kikombe anasema leo, leo. Akifika kizingitini ulimi unamkatalia, anaishia kukigonga tu."

Bi Mize alinyanyuka. Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja jina lake linatolewa mfano mbaya mtaani, Silima amekufa akimwona mwongo, na yeye mwenyewe amelala masiku mangapi akijiuliza kama si mwehu. Hasira ilimjia nzima nzima, haikuwa imepungua hata chembe kwa miaka yote ile.

"Kesho," alisema, "watu watajaa ukumbini mule mule. Kesho n'tasimama pale pale niliposimama, na mara hino wewe ndo utakaesema. Waambie wote. Waambie na msahafu aliushika."

Kauthar alilia kimya. "Ukitaka n'tasema," alijibu. "Ni haki yako. Ila nakuomba, mama mdogo, umtoe kwanza moyoni. Kaapa uongo. Mwenye kumsamehe kwa ubaya aliokufanyia ni wewe tu, na yeye kule alipo hana wa kumtuma tena."

Bi Mize aliingia ndani, akakaa kitandani mpaka adhana ya alasiri. Mara anaona jinsi Suhaila atakavyoshika mdomo kesho, na alikuwa akiuona huo mdomo kwa raha kabisa. Mara anasikia tena maneno yake mwenyewe, yakipoa n'takwenda. Mwanawema alikuwa kitandani na uongo wake wa miaka kumi na moja, anasubiri mlango ufunguliwe, na yeye alikuwa hatua ishirini pale, anayavuta maneno ya Mungu makusudi ili achelewe. Sasa nani amdai nani radhi? Bi Mize alijaribu kupiga hesabu hiyo, ikamshinda.

Jaribu alileta maziwa mengi, ya hitima. Yalichemka, yakapanda, yakashushwa. Bi Mize alivipanga vyungu vitatu, akakaa mbele ya sufuria kubwa, akatia kidole.

Ka, ka, ka.

Kauthar alikuwa ubavuni mwake, anachambua mchele, na hakuinua kichwa. Hakusikia kitu. Bi Mize alianza kusoma, na mdomo ukakimbia wenyewe kama ulivyozoea.

"Mama mdogo," Kauthar alisema. "Mbona unasoma mbio hivyo? Yatakuwa bado moto. Utaiua mbegu."

Bi Mize alikitazama kidole chake. Ncha ilikuwa nyekundu. Na alipokitazama vizuri aliona ngozi yake imechubuka, imebabuka tangu siku nyingi, na hakuwa amejua. Basi ndiyo hivyo. Mara tisa aliitia mbegu kwenye maziwa ya moto kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyemtuma ila woga. Lilikuwa jambo la kuchekwa, na angelicheka lau angepata nguvu.

Lakini nyuma ya bega bado alikuwapo mtu. Kujua sababu ya maziwa hakukumwondoa.

Alisubiri. Kuni zilizimika, utando ukajikunja juu ya maziwa, Kauthar akamaliza mchele akauosha. Bi Mize akatia kidole mara ya pili na akaanza upya, taratibu, neno kwa neno. Alimaliza ya kwanza, na ile sauti ya mgonjwa ilikuwa pamoja naye. Alimaliza ya pili. Hapo ndipo ilipomjia kwamba Kulhuwallahu tatu ndizo hizi hizi anazosomewa maiti. Kila mtoto wa Kipemba anajua, ukimkumbuka marehemu wako unamsomea tatu na Fatiha moja, umemrehemu. Siku zote hizi alizozisoma kidole kikiwa ndani ya maziwa, hata mara moja hakumpelekea Mwanawema. Alikuwa akizisoma kumkimbia.

Akaisoma ya tatu. Hakuivuta na hakuikimbiza, na sauti ile ikawa naye mpaka neno la mwisho. Kidole kilivumilia. Akakitoa, akakifuta kwa kanga, akasoma na Fatiha.

"Zimfikie Mwanawema," alisema. Kisha akasema kwa sauti, Kauthar akisikia, "Nimekusamehe, mwenzangu. Duniani na akhera. Na mimi nisamehe kwa kutokuja."

Kauthar aliziba uso kwa mtandio. Bi Mize akayamimina maziwa vyunguni, akachukua mbegu, akatia vijiko vitatu vitatu, akakoroga upande mmoja tu kama alivyofundishwa, akafunika kawa, akazungushia mablangeti.

Asubuhi alifunua. Chungu cha kwanza kilikuwa kimeganda, laini, utando wa malai umekaa juu, wa manjano kidogo. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu hakukifunua, alikiachia wageni.

Hitima ilisomwa, ukumbi ukajaa hadi barazani. Masinia ya wali yalitoka, mtindi ukapakuliwa, wanawake wakalamba vijiko wakatazamana. Kauthar alikuwa kwenye mkeka, macho kwa mama yake mdogo, anangoja kuitwa. Bi Mize alikuwa amesimama pale pale aliposimama miaka kumi na moja iliyopita, upawa mkononi. Ilikuwa ni kusema neno moja tu.

Suhaila ndiye aliyeanza, na mdomo umejaa. "Alhamdulillahi, Bi Mize! Leo yameganda. Mwenzio kakusamehe!"

Wanawake waligeuka wote wakamtazama. Bi Mize aliliangalia sinia.

"Ndio," alisema. "Kanisamehe."

Akainama akampakulia Suhaila upawa mwengine. Kauthar aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na waliokaa karibu naye walidhani anamlilia mama yake tu.

Alasiri watu walikuwa wamekwenda, na Kauthar naye amerudi Pujini. Jaribu alileta maziwa ya kawaida, Bi Mize akachemsha, akashusha. Alikitoa kikombe cha bati juu ya chaga, akatia kijiko cha mtindi wa hitima, akakiweka kizingitini mwenyewe. Kisha akarudi mbele ya sufuria, akatia kidole, akangoja kusikia.

Hakusikia kitu. Alingoja mpaka maziwa yakapoa kupita kiasi, shingo ameigeuzia mlangoni, na kikombe kilikuwa kimya pale alipokiweka. Nyuma ya bega hapakuwa na mtu. Hapo ndipo Bi Mize alipomlilia Mwanawema, kwa sauti, peke yake uwani, kwa mara ya kwanza.